Damu ya Saadiya

Mwanamkisi alikuwa mwosha maiti wa mtaa wa Langoni kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempitishia sindano chini ya pazia la kuoshea. Mwaka wa 1918 ulimletea na hilo.

Alikuwa akitandika sanda ya Saadiya aliposikia mtu akikohoa kwa adabu nje ya pazia. Alikuwa Jeilani, msaidizi wa daktari wa serikali, hodari wa kufika watu wanapokuwa na kazi.

"Bi Mwanamkisi, daktari ataka damu ya marehemu. Ipelekwe Mombasa ipimwe."

"Ameugua siku tatu, amekufa. Kilichobaki cha kupima ni nini?"

"Kama ni homa ya mafua au ni tauni. Ikiwa tauni nyumba itatiwa moto, na Bwana Hamdun na wanawe wapelekwe kisiwani Manda wakatengwe."

Hamdun, mume wa marehemu, alikuwa barazani na watoto watano. Nyumba yake ya makuti ilihitaji kijiti kimoja tu cha kiberiti. Na Manda, kama ajuavyo kila mtu isipokuwa serikali, maji ya kunywa ni ya kutafuta.

"Na damu isipopatikana?"

"Itaandikwa tauni."

"Basi ingia uitoe."

"Mimi si maharimu wake, Bi. Itoe wewe." Sindano na kichupa vikapita chini ya pazia.

Mwanamkisi aliutazama mwili aliokwisha kuuosha mara tatu. Maiti hudungwa? Mamake, mwosha kama yeye, alimfundisha kuwa maiti huumia. Isitoshe, damu ikitoka angerudia kusafisha, na jeneza lilikuwa mlangoni. Yeye mwenyewe aliugua homa hiyo hiyo mwezi uliopita, akapona kwa kukosa nafasi ya kufa. Ugonjwa mmoja, mtaa mmoja. Akakunja mkono wa nguo, akajidunga.

"Haya, shika. Na utupishe ndia, maiti atoke."

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Jeilani aliwasomea barazani: damu ilichanganywa na vijidudu vya mafua, vikashikana mafundo, alama ya kuwa damu imekutana na mafua. Si tauni; nyumba isiguswe. Hamdun, aliyefunga mizigo tangu siku ya mazishi, akaingia ndani kuifungua.

Jeilani alikuwa hajamaliza karatasi. "Mpimaji wa Mombasa asema damu hii ni ya mtu aliyeugua kitambo akaushinda ugonjwa. Aliyeugua siku tatu tu akafa, damu yake haiwahi kujifunza kupigana. Auliza, aliyepona amekufaje?"

"Nyumba imesimama, haikusimama?"

"Imesimama."

"Basi ya Saadiya akamuulize Saadiya."

Jeilani akautazama mkono wa kushoto wa Mwanamkisi, kisha akatoa mfukoni vichupa vitatu.

"Maiti wa leo ni watatu, Bi. Hawajaoshwa."

"Wanawake?"

"Wote."

"Nyumba zao?"

"Za makuti."

Mwanamkisi akasonya, akaanza kukunja nguo ya mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulimuuma wiki nzima.