Koleo la Kichwa cha Tatu

Cheka ukitaka, mimi sijali. Yalinikuta mwenyewe, hapa Kiberege, mchana kweupe, tena pombe sijawahi hata kuionja.

Nafanya usafi kwenye ule uwanja wa vichwa vya treni vya zamani, vile vya makaa. Vipo saba, vimepangwa nje juani, watoto wa shule wanakuja kuvitazama. Nafyeka nyasi, nasugua kutu, jioni narudi mtaani kwetu Viwanja Sitini kwa mwanangu Neema, wa miaka minane. Baba yake alishafariki. Tuko wawili tu.

Siku hiyo mvua ilishuka kama saa tisa. Nikaona mzee anateremka kutoka kichwa cha tatu, ovaroli imejaa masizi, amebeba koleo la makaa, amechoka sana. Nguo zake zilikuwa kavu. Kavu, kwenye mvua ile! Niliona, ila malezi nayo ni malezi. Mzee ana mzigo mbele yako, utamtazama tu? Nikamwamkia shikamoo, nikanyoosha mikono nimpokee.

Aliliachia koleo mikononi mwangu, akashusha pumzi, akasema taratibu, "Asante, mama. Nimengoja sana mwenye adabu. Zamu sasa ni yako, mpaka na wewe upokewe."

Alikoelekea sikukuona. Niamini, tangu hapo, ikifika saa tisa viganja vinaniwaka moto mpaka nipande kichwa cha tatu, nichote hewa, niitupe kwenye tanuri tupu. Ndipo vinapoa. Wenzangu wanasema nimechanganyikiwa. Koleo nimelitupa mto Kilombero mara mbili. Nikifika mlangoni kwangu, ninalo mkononi. Padri kaliombea, wapi!

Kinachonitesa ni Neema. Nimemfunza mwenyewe: mama akirudi, kimbia umpokee. Juzi alinijia mbio, mikono mbele, "Mama, nikupokee." Nilimsukuma akaanguka. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na mimi nikalia nje, naogopa kuingia.

Sasa analala kwa dada yangu, Mlabani. Kwa hiyo wewe, ukipita Kiberege ukakutana na mwanamke mwenye koleo, amechoka, anakusalimu vizuri, adabu zako ziweke mfukoni, upite. Sikutishi. Ni kwamba siku hizi nikiona mtu anakuja, najikuta tayari nimemnyooshea koleo.