Mwalimu Mwasiti Alipoizima Redio

Sisi tuliosoma Kariakoo enzi za kwenda shule na fagio la chelewa kwapani na dumu la maji mkononi tunajuana hata bila kuulizana. Ukimwona mtu mzima anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka kokwa linabaki jeupe, halafu akisikia chuma kinagongwa mahali anashtuka kama amechelewa kuhesabiwa namba, basi huyo ni mwenzetu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Ikigongwa, mchezo wa rede uliishia hapo hapo hata kama umebakiza mtu mmoja tu wa kumtoa, na mihogo ya kukaanga ilimezwa ikiwa bado inaunguza. Mwanangu wa mwisho leo anaamshwa na simu. Inalia, anaizima. Inalia tena, anaizima tena. Mwisho naenda kumwamsha mimi, kwa sauti niliyoipata Mtaa wa Sikukuu, nilikokulia.

Na sauti ninayo. Utotoni nilikuwa msemaji kuliko watoto wote wa nyumba yetu ya vyumba sita, na kila chumba kilikuwa na watoto wake. Mama alikuwa anakaanga vitumbua barazani, mimi pembeni naongea. Naongea na wateja, naongea na paka, nikikosa mtu naongea na karai. Mama alikuwa anasema, "Zuhura, huo mdomo ungekuwa mashine ya kusaga, mtaa mzima ungekula ugali." Shuleni mdomo huo huo ulinichapisha kila wiki. Kwenye karatasi ya kiranja yenye majina ya wapiga kelele, jina langu lilikuwa la kwanza, na mara nyingine lilirudiwa chini kabisa ili mwalimu asilisahau.

Darasa la nne tulikuwa zaidi ya themanini, dawati moja watu wanne. Nje ya madirisha ndiyo Kariakoo yenyewe: mafundi wa mabati wanagonga ndoo, wasukuma mikokoteni wanapiga miluzi, muuza kanda anajaribu spika zake tangu asubuhi. Upepo ukigeuka tulisoma jiografia kwa harufu ya dagaa, ukigeuka tena tulisoma kwa harufu ya binzari na mdalasini. Mwalimu asipopaza sauti hasikiki. Nadhani ndiyo maana miaka mitatu ilipita bila mtu kugundua kwamba mwenzetu mmoja alikuwa hasikii kabisa.

Huyo alikuwa Salha. Baba yake, Ami Nassor, alikuwa na duka la viungo jirani na soko. Ukoo wao asili yake ni Uarabuni, lakini kwa Kiswahili walitushinda sisi sote. Salha alikaa dawati la nyuma kabisa, mtandio mweupe umefungwa vizuri, daftari safi, macho makubwa yasiyotulia. Akiitwa haitiki. Akiulizwa swali anatazama tu. Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliamua kwamba ni mkaidi, akawa anamchapa viganjani, na Salha alilia huku akitutazama mmoja mmoja kama anayetaka kuambiwa kosa lake. Sisi wenzake tulisema anaringa kwa sababu kwao wana duka.

Darasa la nne tukapata Mwalimu Mwasiti. Alikuwa mama mfupi aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Ilala, khanga begani, chaki sikioni kama fundi seremala na penseli yake. Alikuwa na tabia ya kutuangalia. Kulikuwa na mtoto anaitwa Kulwa, kujumlisha kwake kulikuwa vita, na mama yake alikuwa anauza samaki Feri, pale Magogoni. Mwalimu akafuta namba zote ubaoni, akamwambia, "Kulwa, mama ana mafungu saba ya vibua, kila fungu samaki watano. Ana samaki wangapi?" Kulwa akajibu kabla mwalimu hajafunga mdomo. Tangu siku hiyo Kulwa alihesabu kila kitu kwa vibua, hata miaka ya uhuru, na alikuwa hakosei.

Siku moja wakati wa mapumziko rimu ikagongwa, tukakimbia wote. Uwanjani akabaki Salha peke yake, ameelekea ukutani, anaruka kamba taratibu kama vile dunia nzima bado iko mapumziko. Mimi nilikuwa mlangoni nasubiri kushuhudia akichapwa. Mwalimu Mwasiti akaenda nyuma yake. Akamwita. Akamwita tena. Akapiga makofi karibu kabisa na kisogo chake. Salha anaruka tu. Ndipo mwalimu akazunguka akasimama mbele yake. Mtoto wa watu alishtuka, akaiachia kamba, akanyoosha viganja vyote viwili ili achapwe.

Mwalimu Mwasiti akavishika vile viganja, akavifunga ndani ya mikono yake. Nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Tangu lini, mwanangu?" akamuuliza, mdomo ukitamka polepole.

Salha akamtazama midomo, akajibu kwa ile sauti yake ya juu isiyojua kujipima, "Tangu nilipougua surua!"

Siku hiyo hiyo akahamishiwa dawati la mbele, na mwalimu akaacha kufundisha huku ameutazama ubao. Mambo yakaanza kunyooka. Kisha ikaja redio.

Aliileta Mwalimu Mkuu kwenye paredi ya asubuhi, ameibeba kwa mikono miwili kama keki ya harusi. Redio kubwa nyeusi ya betri sita, tuliyopewa na wafadhili, kwa ajili ya vipindi vya hisabati. "Hiki ni chombo cha kisasa," akatangaza. "Atakayekigusa bila ruhusa, mimi na yeye." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ndani ya redio kulikuwa na bwana mwenye sauti tamu, anauliza swali, anakaa kimya kidogo, darasa zima linajibu kwa pamoja, naye anasema "Vizuri sana!" hata tukikosea.

Siku ya kwanza bwana yule akasema tusimame. Tukasimama. Salha akatazama kushoto na kulia, akasimama wa mwisho. Akasema tukae. Tukakaa, Salha akabaki wima. Akasema tupige makofi matatu. Tukapiga, tukanyamaza, na katikati ya ukimya huo Salha akapiga ya kwake matatu, peke yake. Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, tena kuliko wote. Kucheka hakuhitaji masikio kukujua. Salha aliona meno ya watoto themanini, akaelewa, akalaza kichwa juu ya dawati.

Mwalimu Mwasiti akaenda mezani, akaizima redio. Bwana mwenye sauti tamu akakatwa katikati ya swali.

Kichwa cha Mwalimu Mkuu kikatokea dirishani. "Mwalimu, vipi tena? Betri zimekwisha?"

"Betri nzima, Mwalimu Mkuu. Nimezima mimi."

"Umezima wewe? Chombo kimeletwa kitumike! Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi kuona kinavyotumika!"

"Kitatumika. Lakini hiki chombo hakina macho, hakijui kimemwacha nani. Naomba siku chache."

Mwalimu Mkuu akaondoka akiguna. Kesho yake Salha hakuja. Keshokutwa yake hakuja. Siku ya tatu, tulipotoka, Mwalimu Mwasiti akanishika bega. "Zuhura, wewe ndiye uliyecheka sana. Twende."

Tukaenda dukani kwa Ami Nassor. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye masharubu mazito yaliyoshuka mpaka yakaufunika mdomo wote wa juu, na alikuwa anaongea huku ameinamia mizani.

"Shikamoo, Ami," nikamwamkia.

"Marahaba. Karibu, Mwalimu." Akaendelea kupima iliki. "Ningekuja mwenyewe kukwambia. Huyu mtoto shule imemshinda. Amelia siku mbili. Nimeona akae na mama yake, ajifunze kushona, basi."

"Muite," akasema Mwalimu Mwasiti.

Ami Nassor akaita bila kuinua kichwa. Salha alikuwa pale ndani, hatua tano tu, anashona kitambaa. Hakugeuka. "Hasikii, Ami. Anasoma midomo," akasema mwalimu.

Mwalimu akanisukuma mbele mpaka nikasimama uso kwa uso na Salha. "Sasa, mwambie kitu. Bila sauti. Mdomo tu."

Maishani mwangu sikuwahi kuambiwa niongee, na sasa naambiwa niongee bila sauti. Nikajaribu. Nikasema kwa midomo, polepole, "Samahani nilicheka. Kesho njoo, nitakaa na wewe."

Salha akanitazama kwa makini. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, "Una mchicha kwenye meno!"

Wateja wakacheka, mwalimu akacheka, nami nikaufunika mdomo kwa mikono. Ami Nassor akaiacha mizani. Akaja akachuchumaa mbele ya binti yake. "Salha, mama, unanielewa ninachosema?"

Salha akakunja uso, akamtafuta mdomoni, akakosa. "Baba," akasema, "mdomo wako siuoni."

Ami Nassor akayashika masharubu yake, akayapapasa kama kitu alichokiokota. "Miaka mitatu," akasema taratibu. "Namsemesha, anageuza uso. Nilidhani hanitaki."

Kesho yake asubuhi alimleta shuleni mwenyewe. Hatukumtambua. Masharubu yote hayapo, mdomo wa juu mweupe kuliko uso mzima, na wachukuzi wa sokoni wanampita bila salamu wakidhani ni mgeni. Getini akamwinamia Salha, akamwambia jambo. Salha akacheka. Hatukuwahi kusikia kicheko chake kabla ya hapo. Kilikuwa kikubwa, kama cha bata.

Tangu hapo redio ikawashwa kwa mpango wa Mwalimu Mwasiti. Wawili wenye mwandiko mzuri walisimama ubaoni wakiandika kila swali linalotoka redioni. Mimi nilipewa kiti, mgongo kwa ubao, uso kwa Salha, kazi yangu ikiwa kurudia maneno yote kwa midomo. "Zuhura," mwalimu akasema mbele ya darasa, "leo mdomo wako umeajiriwa." Kiranja alilia kwa wivu. Kilichonishangaza ni kwamba hisabati, iliyokuwa inanipiga chenga tangu darasa la kwanza, ikaanza kuniingia. Huwezi kumrudishia mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hujalishika. Na wale waliokuwa wanasikia vizuri lakini hawaelewi haraka nao wakawa wanalisoma swali ubaoni kwa nafasi yao.

Akaja mkaguzi, suti ya kaki, kalamu tatu mfukoni. Akakaa nyuma pamoja na Mwalimu Mkuu. Redio ikawashwa, bwana akaanza, tukajibu kwa nguvu zote. Mara sauti tamu ikawa nzito, ikavutika, ikafa. Betri. Darasa likaganda. Mwalimu Mkuu akaanza kutoa jasho. Ila mimi mdomo ulikuwa umeshazoea, ukaendelea wenyewe. Nikamuuliza Salha swali la kichwani mwangu: sita mara nane?

Salha, ambaye peke yake hakujua kwamba redio imekufa, akasimama akatamka, "ARUBAINI NA NANE!"

Mkaguzi alikaribia kuanguka kwenye dawati. Akaomba aelezwe. Mwalimu Mwasiti akamweleza, na mkaguzi akaja mbele, akamuuliza Salha mwenyewe maswali matano, mdomo ukitamka polepole kama alivyoelekezwa. Akayapata manne. Lile la tano nililikosa hata mimi. Mwisho wa mwaka Salha alifanya mtihani wa darasa la nne kama sisi, akafaulu, tukapanda wote darasa la tano, na baba yake hakuzungumza tena habari ya kushona.

Siku hizi walimu wana vishikwambi. Juzi nilikwenda kikao cha wazazi kwenye shule ya mwanangu, Buguruni. Mwalimu wake ni kijana mdogo, suruali imembana, anawasalimia watoto "Mambo?" nao wanamjibu "Poa, ticha!" Sisi tungejibu vile tungeamkia hospitali. Akatuonyesha kishikwambi kinachogeuza maneno ya mtu kuwa maandishi papo hapo, na mtoto mmoja wa dawati la mbele, mwenye kifaa sikioni, anasoma na kutabasamu. Nilifurahi, sitadanganya. Kisha nikamwona yule kijana anakiweka chini, anakwenda kuchuchumaa kwa mtoto mwingine ambaye hakuelewa. Nikasema moyoni, huyu naye anaangalia.

Salha sasa ndiye anayeendesha duka la baba yake, pamoja na kaka zake. Tunaandikiana kwenye simu karibu kila siku: habari, vichekesho, picha za wajukuu zake. Ni rahisi, na hakuna anayekosa neno. Lakini nilipohesabu nikaona mwaka mzima umepita hatujaonana, wakati mimi nakaa Ilala na yeye yuko Kariakoo. Enzi zetu hilo lisingewezekana. Ili kusema na Salha ilikuwa lazima uende alipo, ukae mbele yake, umtazame usoni mpaka mmalize.

Jumapili nikaenda. Tulikaa nyuma ya duka kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, tunaongea kwa midomo tu kama zamani, tunacheka mpaka machozi. Wajukuu zake walikuwa pale, kila mmoja na simu yake. Baada ya muda mdogo kabisa akainua kichwa, akatutazama, akaiweka simu juu ya gunia la mdalasini, akasogea karibu ili aone tunasema nini.