Mipungate ya Pigahoni

Mwalimu wa udereva waliyemwita Pigahoni hakujua kusubiri. Taa ikiwa bado nyekundu, mguu wake ulikuwa ukichezacheza juu ya breki ya upande wa mwalimu. Wanafunzi walishuka garini wameloa jasho, na wengine waliapa kutembea kwa miguu hadi kufa. Siku presha ilipompanda akaanguka kwenye uwanja wa mazoezi, daktari alimpima, akamwandikia vidonge, akamwambia, "Mzee, tafuta kitu ambacho hata ukikifokea hakitakwenda haraka."

Agizo hilo Pigahoni alilitekeleza mbiombio. Jioni ileile aliagiza mbegu za mpungate, mmea ule wa miiba, wa aina inayoota kwenye milima mirefu ya Amerika Kusini ambako usiku maji huganda. Muuzaji alimhakikishia kuwa mmea huo ni sugu.

Mkewe, aliyekuwa mkunga, alizitazama zile mbegu, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa.

"Zitatoa maua lini?"

"Baada ya miaka kadhaa."

"Wewe? Wewe unayefunua sufuria kila dakika kuangalia kama maji yamechemka?"

Pigahoni alizimwaga juu ya mchanga na kokoto, akavifunika vyungu kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Wiki haijaisha, akaanza kuzichokoa kwa kijiti cha meno. Alisema anazikagua. Zilizofanikiwa kuchipua zilikuwa kama shanga za kijani, na hizo alizimwagia maji kwa mapenzi mpaka zikaota ukungu, zikalala chali. Kazini alitangaza kwamba aliuziwa mbegu feki.

Alipopanda tena, mkewe alivihamishia vyungu kwenye dirisha la chumba cha kushonea, akautia ufunguo mfukoni.

"Nikikuona na kijiti, nakutoa nje kama ninavyowatoa waume wodini."

Basi mipungate ikakua. Ikawa kama gololi, kisha kama nyanya ndogo, ikaota miiba myeupe, laini kama ndevu za mtoto wa paka. Pigahoni akajifanya bingwa wa subira. Garini aliwahubiria wanafunzi kuhusu utulivu kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, huku akiwanyang'anya usukani.

Msimu wa baridi ulipoingia, aliiingiza mipungate sebuleni, akaizungushia sweta lake na kuinywesha maji ya uvuguvugu. Ikanenepa, ikarefuka, ikapauka. Wakati wa maua ulikuja ukapita, hata kichomozo kimoja hakikuonekana.

"Umewadekeza," mkewe alisema. "Hawa ni watu wa milimani."

Msimu wa baridi uliofuata, mkewe aliitoa mwenyewe barazani, chini ya paa, bila hata tone la maji. Asubuhi zenye jalidi, umande ulioganda, mipungate ilisinyaa, ikaingia mikunjo, ikazama mchangani. Pigahoni aliizunguka kama ndugu wa mgonjwa mahututi.

"Unawaua, mama watoto."

"Wamelala. Waache walale."

Joto liliporudi, wakainywesha. Kwenye kiuno cha mpungate mmoja kikatokeza kichomozo chekundu chenye manyoya. Mkunga alikitazama, akasema mambo yanakwenda vizuri, kisha akaenda kazini.

Pigahoni naye akakodi turubai, viti na spika. Alimwalika mwenyekiti wa mtaa awe mgeni rasmi. Siku ya shughuli, jua lilipopanda, ua lilifunguka, jekundu la kung'aa, kubwa kuliko mmea uliolizaa. Mkewe alikuwa bado hajarudi kutoka zamu. Pigahoni alilitupia jicho moja, akalifunika kwa kitambaa cheusi ili mgeni rasmi aje kulizindua.

Mwenyekiti alifika alasiri, akaanza kwa kuwapongeza wananchi kwa kujali muda. Kisha akageukia mpungate.

"Mmea huu," alisema, "unakaa miezi bila maji na haulalamiki. Wananchi wangu, tujifunze."

Mtaa ule mabomba yalikuwa makavu tangu mwenyekiti yuleyule aahidi kuyatengeneza. Watu wakatazamana. Mama mmoja wa safu ya nyuma akauliza kama na watoto wake waote miiba. Mwenyekiti akaona heri akimbilie kitambaa, akakivuta.

Ua lilikuwa limejifunga kama ngumi. Giza lilikuwa limeliambia usiku umeingia.

Mwenyekiti alipiga makofi hata hivyo, akapigwa picha, akaondoka. Pigahoni alinyoosha vidole ili apanue petali kwa nguvu. Mkewe, aliyekuwa amerudi na kukuta nusu ya hotuba, akamshika kiganja.

"Hapana, baba. Huyu hasukumwi."

Kesho yake walikaa wawili kwenye ngazi ya baraza. Simu kutoka ofisini iliita: mwanafunzi anasubiri. Pigahoni akajibu kwamba atachelewa, neno ambalo katibu alimwomba alirudie. Jua likagusa chungu, na petali zikaanza kuachana polepole mno, hata ukizitazama huoni zikitembea.

"Linafunguka kweli?" alinong'ona.

"Nyamaza uone."

Akanyamaza, na akaliona ua lote. Garini alibaki mkali kama zamani, ila kliniki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka. Alimpa daktari habari za mipungate kwa kirefu. Daktari akasema ni vile vidonge vilivyofanya kazi, akaita mgonjwa mwingine.