Donge la Kubakiza

Ti.

Ndivyo mfuniko wa kisufuria ulivyokuwa ukilia alfajiri, Mwantum alipokuwa msichana mtaani Buyenzi. Usiku kucha chachu ilijaa pumzi, ikauinua mfuniko kidogo, kisha ikauachia. Mama yake akiisikia ile ti, alijua siku imekubali mkate. Mwaka wa vita walipokimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, mama aliacha godoro, akakipakata kisufuria kifuani kama mtoto mchanga. Alipofariki, kikabaki kwa Mwantum na sharti lake moja: usioke donge lote. Bakiza la ngumi moja, ulilishe unga na maji, lizae mkate wa wiki ijayo.

Kwa chachu hiyo Mwantum alioka kila Alhamisi kwa ajili ya watu asiowajua. Wako akina mama kadhaa mjini wanaofanya hivyo, kila mmoja jikoni kwake, na mikate yote huishia mtaa wa Mutakura kwa Télesphore, fundi mwashi mstaafu aliyegeuza duka lake kuwa ghala la chakula. Asiye na kitu huja Ijumaa, akachukua, akaenda zake bila kuulizwa jina.

Alhamisi ile malaria ilimlaza. Marwa, mke wa mwanawe Shakuru, akasema, "Mama, lala. Leo ni mimi." Akakanda, akaoka, harufu ikamfikia mgonjwa kitandani, naye akamshukuru Mungu. Asubuhi homa ikashuka. Mwantum akatoka uani kwa kushika ukuta, na hapo akakiona kisufuria kimefudikizwa juani, kinang'aa kama kimetoka dukani.

"Marwa. Ngumi yangu iko wapi?"

"Ngumi gani, mama?"

"Ya kubakiza."

Marwa akaweka mkono mdomoni. "Nilioka yote. Nilisema watu wako wengi kule, tusiwabanie. Na kisufuria kilikuwa kinanuka uchachu, nikakisugua na majivu..." Machozi yakaanza. "Ninunue levure, mama, hamira ya dukani? Iko muzuri pale sokoni."

"Apana, mutoto wangu. Si kitu," alisema Mwantum, akakaa chini. Levure ingeumua mkate, hilo alilijua. Ila mkono wa mama yake ulikuwa ndani ya lile donge, wiki juu ya wiki, na sasa ulikuwa ndani ya mikate, unangoja kuliwa.

Hata hivyo mikate ilikuwa na wenyewe. Wakaipeleka pamoja, na Télesphore akaipokea kwa kelele: "Mama Shakuru! Mikate ya leo imenona! Umeweka nini ndani?"

"Kila kitu," akajibu Mwantum, akaishia hapo. Ikabidi Marwa amalizie hadithi.

Khadidja wa mtaa wa Gasenyi alikuwa pale akichambua maharage. Zamani alikuja kuchukua mkate. Siku hizi huja kusaidia. Aliposikia mkasa wote, hakutoa pole. Alicheka.

"Unacheka nini, we mwanamke?" Marwa akawaka.

"Namucheka mama mukwe wako. Da Mwantum, umesahau? Siku ile nilikuambia mukate unaisha, nipe mbegu. Ukanipa ngumi moja ndani ya kopo la siagi."

"Ile? Si ilikufa zamani?"

"Ife, na mi niko? Inaumusha mandazi yangu kila siku ya Mungu. Lakini nakuonya, imezoea Gasenyi: inakula unga kama mukwe mupya!"

"Heee!" alisema Marwa, akicheka huku anafuta machozi.

Wakamfuata hadi jikoni kwake. Mwantum alifungua kopo, akanusa, akafumba macho. Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ile ile. Alichota ngumi moja tu, iliyobaki akamwachia Khadidja, mlezi wake. Njia nzima ya kurudi Marwa alilipakata donge kifuani, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Alfajiri iliyofuata, baada ya swala, Mwantum alikaa karibu na kisufuria. Kimya. Donge lililishwa vizuri, lakini lilikuwa limetikiswa njiani, na huenda halikuijua tena nyumba hii. Marwa akaja na ufagio, akasimama bila kufagia. Mwanga ukapanda ukutani. Mwantum alikuwa ameanza kuinuka.

Ti.

Akainama hadi mdomo ukakaribia mfuniko.

"Umechelewa, weye," akanong'ona.