Samaki wa Kwanza ni wa Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana kule Buffalo, Marekani, aliniuliza kama naogopa maji. Nikamjibu kwamba mimi naogopa sindano butu tu. Mkalimani alipomfikishia jibu langu, mama yule alicheka mpaka akaegemea meza, kisha akanionyesha cherehani ya karibu na dirisha, pale baridi ilipopenya kuliko kwingine kote. Kumbe hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi, na nilikuwa nimefaulu.

Ninyi mnaoniona leo nikitembea polepole na fimbo yangu pale mtaani Iroquois mnadhani nilizaliwa nimestaafu. Mimi nilikuwa fundi. Nilishona maboya ya kuvulia, nikaziba maboya ya kuvulia, na mwishowe nikaongoza watu majini ndani ya maboya hayohayo. Anayejua kazi hii kunishinda na ajitokeze, tutashindana hata leo.

Boya la kuvulia ni mpira uliojazwa upepo na kuvikwa gamba la kitambaa kigumu, na katikati yake pana kiti. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, unavaa mapezi miguuni kama miguu ya bata, unaketi, miguu inaning'inia majini, unavua. Hakuna injini wala kasia. Miguu yako ndiyo injini, na inakupeleka kinyumenyume: mgongo unatangulia, macho yanabaki ulikotoka.

Sasa mjue mimi ni mtu wa wapi. Kwetu, milimani Kivu Kusini, mali ni ng'ombe na chakula ni maziwa. Samaki hatukumla, na chungu kilichopikiwa samaki hakikukaribia chombo cha maziwa hata kwa bahati mbaya. Bibi yangu angesikia kwamba nimeajiriwa kwa ajili ya samaki, angeuliza nimetenda kosa gani.

Mkuu wa karakana alikuwa mfupi, pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, na alizungumza bila kuzitoa. Alinifundisha mshono wa kukunja mara mbili, ambao uzi wake haulambwi na maji. Akipita nyuma yangu alisema, "Debora, kuna mtu atakalia mshono huo. Ushone kana kwamba ni mama yako." Akapita tena, akasema lilelile. Maboya yetu yalikuwa na mipira miwili ya ndani, mkubwa wa kuzunguka na mdogo wa kuegemeza mgongo, kila mmoja na upepo wake. Wengine sokoni waliweka mmoja tu. Nilipomuuliza kwa nini tunajisumbua, alijibu, "Mmoja wa kukaa, mmoja wa kurudi nyumbani."

Kazi ilipopungua Buffalo, yeye mwenyewe ndiye aliyenitafutia nafasi Columbus, katika duka la kukodisha na kutengeneza vyombo vya uvuvi karibu na chuo kikuu. Pale nikawa mzibaji. Unajaza boya upepo, unalipaka povu la sabuni kwa brashi, unangoja. Panapovuja povu litavimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na majini hata huo ukuta hupati nafasi ya kuujenga. Wateja wetu wengi walikuwa wanafunzi. Mkenya mmoja alinirudishia boya akasema, "Mama, hii kitu iko na leak, na mimi niko na exam Monday. Siwezi drown kabla ya exam." Nikamwambia basi azame Jumanne. Alikuwa akiniletea chai tangu siku ile.

Meneja wa duka, mwanamume mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa na sheria moja: fundi asiyewahi kukaa kwenye boya hatengenezi boya. Akanipeleka ziwani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikakaa. Nikapiga miguu kama mtu anayetembea, nikajikuta nimeingia kwa mgongo katikati ya matete. Meneja alicheka siku hiyo. Lakini kabla ya jua kuwa kali nilikuwa nimemtoa kambare majini, na furaha iliyonipata sikuwa nimewahi kuipata tangu nilipotoka kwetu. Nilikuwa mtu niliyekimbia vitu vingi, na hapo palikuwa na kitu kimenikimbia mimi nami nimekikamata.

Kambare ana masharubu, macho madogo, na anaonja kwa ngozi ya mwili mzima. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, na akiogopa anaikaza. Mwiba wa kambare unatoboa mkono, seuze mpira. Ndiyo sababu mvuvi wa boya hufunga aproni ya turubai mapajani. Samaki hushikwa kwa koleo la mdomo, hulazwa juu ya aproni, hatolewi hapo mpaka ndoana imetoka. Hiyo ndiyo amri kuu ya kazi yetu.

Baadaye ndugu na kanisa walinivuta Louisville. Kazi niliyoipata kwanza ilikuwa ya kufunga maboksi katika bohari moja mtaani Okolona, na siwezi kuwaambia kwamba niliipenda. Mabega yalilia, na masikio yangu yalichoshwa na kengele za mashine. Ndipo siku moja kanisa likafanya pikiniki kwenye bwawa la kuvua kwa kulipia nje ya mji, watu wakae ukingoni wale nyama. Nilipita mlangoni mwa ghala la bwawa nikaona maboya yamerundikwa, vumbi tele. Niliutambua mshono wangu kabla sijamwona msimamizi wa bwawa aliyesimama kando yake.

Msimamizi wa bwawa hakuyapenda maboya. Alisema yanamtia wasiwasi, ni afadhali mtu akae ukingoni kwenye kiti chake kama Mkristo. Nilimbembeleza aniachie niongoze watu ndani yake. Mwishowe akasema, "Nakupa majira haya ya machipuko. Lete watu majini, nione. Mtu mmoja akizama, Jumatatu nauza yote, na wewe unarudi kwenye maboksi yako."

Nitawapata wapi watu? Wamarekani wa pale walikuwa na viti vyao. Nikaenda kwa akina mama wa kanisa letu, na ili kumpata mmoja wao ilikuwa lazima nimpate kwanza Mama Elizabeti, mkubwa wetu, ambaye bila yeye hakuna hata aliyepika chai.

"Mama Debora," akaniambia, "sisi tuko batu ba ng'ombe. Tutaenda kufanya nini mu maji?"

"Kukaa, mama mukubwa. Munakaa tu, maji inawabeba."

"Na ule samaki?"

"Samaki anakuja yeye mwenyewe."

Akafikiri. "Bon. Kama ni kukaa, mimi najua kukaa."

Asubuhi ya Jumamosi ile miti ya ukingoni ilikuwa imechanua maua ya zambarau kabla ya kuota majani. Mvua ilikuwa imenyesha, na kijito kilichoingia bwawani kilileta maji yenye tope na vuguvugu. Machipuko kambare hufuata vuguvugu, kwa hiyo nikawapanga mama zangu mbele ya mdomo wa kijito. Chambo chetu kilikuwa maini ya kuku. Maini huponyoka kwenye ndoana kwa ulaini wake, lakini mimi ni mshonaji. Niliyazungushia uzi wa cherehani, yakashika. Nikawafunga wote aproni na jaketi za kuokolea, nikawaambia amri kuu mara mbili. Msimamizi alikaa ukingoni na kikombe chake cha kahawa.

Mama Elizabeti aliomba. Aliombea bwawa, msimamizi, watoto wetu, Kongo, na wale wote wanaosafiri. Miguu yetu ilikuwa imekufa ganzi aliposema amina.

Ufito wa kwanza kupinda ulikuwa wa Furaha, msichana wa kwaya anayetunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa mbali kidogo nikimfungulia mwenzake mshipi uliojisokota. Nilimsikia Furaha akipiga kelele za furaha, nikaona kambare mnene anatoka, amemshika vizuri kwa koleo, amemlaza kwenye aproni, ametoa ndoana. Nikajisifu moyoni kwamba nimefundisha.

Kumbe sikuwa nimefikiria jambo moja, na nani mwingine angelifikiria? Kwetu cha kwanza hupelekwa kwa mkubwa. Maziwa ya kwanza, mahindi ya kwanza, mshahara wa kwanza. Furaha akapiga miguu kinyumenyume hadi kwa Mama Elizabeti, akageuka, akamnyooshea kambare kwa mikono miwili.

"Aproni, mama mukubwa," niliita. "Weka aproni kwanza."

"Hii iko kitambaa ya jikoni," akanijibu. Alikwisha kuifungua na kuitupa mgongoni. "Hauwezi kupokea zawadi juu ya kitambaa ya jikoni."

Akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamkumbatia. Kambare akakaza miiba. Nilisikia upepo unatoka kwenye mpira mkubwa kama sufuria inayochemka.

Sasa mkumbuke boya linakwenda kinyumenyume. Kumfikia ilibidi nimpe mgongo. Nilipiga miguu kwa nguvu zangu zote nikimtazama msimamizi ukingoni, naye alikuwa amesimama, kikombe kimeanguka, na nyuma yangu simwoni mtu ninayekwenda kumwokoa. Niliogopa, nasema kweli. Niliyaona yale maboksi ya Okolona, kisha nikaona aibu kwamba nayafikiria maboksi wakati mama yule yuko majini. Nilichosikia ni sauti yake tu. Alikuwa akimkemea samaki.

Nilipomgusa nikageuka. Mpira mkubwa ulikuwa umelegea, umekunjamana chini yake, maji yamemfika kifuani. Lakini ule wa mgongoni ulikuwa umekaza kama ngoma, gamba halijaachia uzi hata mmoja, na yeye ameegemea juu yake ametulia.

"Mwachilie samaki, mama mukubwa. Nishike mimi."

"Hapana. Nimepewa."

Nikamfunga kamba ya jaketi lake kwenye boya langu na kuanza kumvuta. Safari hiyo nilimtazama uso kwa uso mpaka ukingoni. Furaha alitufuata akilia, na wale wengine wakaanza kuimba, kwa sababu sisi hatujui kunyamaza katika shida. Msimamizi aliingia majini na viatu vyake.

"Amezama?"

"Hajazama," nikamwambia. "Amepewa zawadi."

Walimtoa, wakamfunika blanketi, samaki bado yuko mikononi. Msimamizi alilivuta boya lile nchi kavu. Akaubonyeza mpira uliokufa, akaubonyeza ule wa mgongoni, akaubonyeza tena. Akapitisha kidole kwenye mshono taratibu. Nikakumbuka pini za mkuu wa karakana. Nikangoja hukumu.

"Jumatatu," akasema, akimwaga maji kutoka kiatu kimoja. "Jumatatu utaniambia wanauza wapi mengine yenye mipira miwili."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope, na sikujali nani ananiona.

Tulimkaanga kambare palepale, amepakwa unga wa mahindi. Mama Elizabeti aliomba kipande cha kwanza. Sote tulimtazama. "Tangu nizaliwe sijakula samaki," akasema. "Lakini huyu yeye njo alitaka kunikula kwanza." Akatafuna, akaomba cha pili.

Wiki ile niliketi kwenye cherehani nikashona aproni mpya: chini turubai nene isiyotobolewa, juu kitenge kizuri cha kwendea kanisani. Tangu hapo hakuna mama aliyeona aibu kupokea zawadi juu yake, na hakuna mwiba uliopita. Watu wa kutoka mbali walikuja kuvua na aproni zetu zenye maua. Niliongoza maboya bwawani pale hadi magoti yalipokataa, na katika miaka yote hiyo sikumpoteza mtu.

Machipuko niliyostaafu, msimamizi alisisitiza nikae majini mara ya mwisho, safari hii kama mgeni. Kiongozi alikuwa Furaha. Wageni walikuwa wengi, na Mama Elizabeti alikuwa amekwisha kutangulia mbele za Bwana. Binti mmoja mgeni akamtoa kambare wa kwanza wa asubuhi. Nikaona Furaha anamnong'oneza, naye anaanza kupiga miguu kinyumenyume, anakuja.

Niligeuza kichwa kumtafuta mkubwa anayepelekewa. Nyuma yangu palikuwa na maji matupu. Binti akageuka mbele yangu, akanyoosha mikono miwili. Nikanyoosha kitenge changu mapajani, nikakisawazisha vizuri, nikapokea.