Kilio Changu Kwenye Sinema ya Machale

Yakoub, mtoto wa shemeji yangu, alichukua kilio nilichomlilia mume wangu akakitia kwenye sinema ya machale wanaochinja watu. Akakionyesha Ngamiani nzima, mtaa wetu hapa Tanga, nami nikiwa bado ndani ya eda. Wifi yangu Sabiha ndiye aliyemshikia kamera. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akasema nalizunguka.

Jina langu Tausi. Nimezaliwa Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Shule sikutiwa. Nilitiwa chuoni kusoma Kurani, nikatolewa kabla sijahitimu, nikaozwa kwa Mwinyijuma na kuletwa Tanga. Miaka ya dhiki mimi na mama mkwe tulikuwa na kanga moja nzuri. Mmoja akitoka, mwenzake anakaa ndani. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Mambo yalipolegezwa na mitumba ikaruhusiwa, Mwinyijuma aliacha ukuli bandarini akaanza kuuza mitumba, Barabara ya Kumi na Nne.

Robota la mitumba hulifungui mpaka umelinunua. Lile la mwisho alilifungulia barazani, majirani wamekaa wanatazama. Halikuwa na shati wala gauni. Zilikuwa nguo za machale, wale wachekeshaji wa sarakasi za Ulaya: suruali pana za milia, vifungo vikubwa kama visahani, nywele za bandia rangi ya chungwa, na vinyago vya mpira vyenye pua nyekundu na meno nje. Watu walicheka wakashika mbavu. Jirani yetu Shehe alivaa kinyago, akamwambia, "Mwinyi, hizi saizi yako! Ijumaa tukuone nazo."

Mume wangu alicheka nao. Chakula hakukigusa siku ile. Zile nguo zilining'inia mpaka zikapauka kwa jua, hakuna aliyeuliza hata bei. Presha alikuwa nayo tangu zamani. Ikampanda, akafa.

Siku ya msiba Yakoub alikuja na kamera yake ya kupigia harusi. Wanaume walikuwa nje, sisi wanawake ndani, kwa hiyo hakuweza kuingia. Sabiha akasema kaka yao, yeye na marehemu, yuko Maskati, hakuwahi mazishi, apelekewe kanda aone. Yakoub akamwonyesha pa kubonyeza, naye akaingia na kamera. Hakuna aliyekataa, mwanamke anawapiga picha wanawake, na kanda inakwenda kwa ndugu. Nilikuwa kichwa wazi, kanga imenidondoka, nimekumbatia suruali moja ya milia. Nalia, "Mwinyi, umeniachia nguo za nani?"

Arobaini ilipopita Yakoub aliziomba zile nguo. Nikampa zote. Sikutaka kuziona.

Banda la video la Haji liko nyuma ya nyumba yetu, na juu ya mlango ana spika ya kuitia watu. Alasiri moja nilikuwa nachagua mchele, nikasikia mwanamke analia. Nikasema moyoni, maskini, nani tena kafiwa? Nikaweka ungo chini nisikilize ni nyumba gani. Nikasikia, "Mwinyi, umeniachia nguo za nani?" Halafu kicheko, banda zima.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata. Watoto wakawa wanapita dirishani wakilia kama mimi. Mjane wa eda hatoki nje ovyo. Miezi minne na zaidi unakaa ndani, na mwanamume asiye maharimu wako, anayeweza kukuoa, hakuoni. Mimi nilikaa ndani kama inavyotakiwa, na uso wangu ulikuwa nje unatazamwa na kila mwenye kiingilio.

Nikamwita Yakoub. Alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Siitikii. Kitoe kilio changu."

"Mama mkubwa, ule ni mchezo tu. Chale kamuua mtu, mke wa yule mtu analia. Nimetafuta Tanga nzima mwanamke wa kulia, kila nikiwasha kamera wanacheka."

"Ukaona mimi sina kazi."

"Nimeona wewe unalia kweli."

"Nilikuwa nalia kweli, baradhuli wee!"

"Nikiitoa sehemu ile, sinema haina kitu. Watu wanaifuata ile."

Sabiha alikuwa anakuna nazi. Akasema, "Wifi, mwache kijana apate riziki. Mbona umetoka vizuri?"

"Na wewe ukifiwa nitakutoa vizuri."

Yakoub akasema nikitoka eda tutazungumza. Alijua kwamba nitakapotoka, mji utakuwa umeshaona.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa buibui, nikaenda kwa Haji. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Machale walitoka kwenye shamba la mkonge wamevaa biashara ya mume wangu. Mapanga yao yalikuwa mbao zilizofungwa karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Damu ilikuwa sharubati nyekundu ya choya, na nzi wamejaa juu yake. Mtu mmoja alilala chini akauliza, "Nife sasa?" Watu walicheka kila palipotakiwa waogope. Nilipotokea mimi, walinyamaza kwanza. Kisha mmoja akaigiza sauti yangu, na wengine wakamfuata.

Nikasimama mbele ya televisheni.

"Kaa chini, mama, unatuziba!"

"Aliyekufa si huyu wa sharubati," nikasema. "Aliyekufa ni Mwinyijuma, muuza mitumba. Mnamjua."

"Kumbe ndiye mwenyewe! Mama, hebu lia tena kidogo!"

Haji alizima, akaniomba radhi. Akasema kanda ni ya Yakoub, na nakala zimeshafika Muheza, Korogwe na kwetu Pangani. Ndugu zangu wameiona.

Sasa Yakoub yuko Dar es Salaam, anapiga harusi za wakubwa. Kila Idi ananiletea kanga kwa mkono wa Sabiha, na kila Idi nairudisha. Mimi sidai kanga. Yakoub ananidai nimsamehe kabla hajaniomba. Mimi namdai aje bandani kwa Haji, mabenchi yakiwa yamejaa, asimame mbele ya televisheni, alitaje jina la Mwinyijuma, aseme kilio kile kilikuwa cha marehemu na kiliibwa. Na Sabiha asimame pembeni yake, kichwa wazi, kama alivyonipiga picha mimi.