Kipande Alichokizika Dada

Daktari wa Butembo, huku Kongo, alinikata kipande cha titi, kidogo kuliko punje ya harage, akakitia kwenye kichupa cha dawa. Alinieleza kwamba Uganda wapo wataalamu wanaoipitishia nyama mwanga usioonekana kwa macho. Mashine yao inapima kemikali zilizomo, mafuta huku, protini kule, na kuchora kila moja kwa rangi yake. Picha hiyo, pamoja na kazi ya darubini, ingetuambia kama uvimbe wangu ni kansa.

Mimi ni mwalimu, siwezi kuacha darasa. Lakini dada yangu huvuka mpaka kila juma na mafuta yake ya mawese. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nilimkabidhi kichupa, nikatulia.

Majuma sita nilimuuliza Yaya, ndivyo nimwitavyo dada, kila aliporudi.

“Yaya, banajibu?”

“Bado, mudogo yangu. Machine iko en panne. Vumilia.”

Nami, mjinga mwenye diploma, nikaamini mashine imeharibika, nikawalaumu Waganda na umeme wao. Uvimbe uliendelea kukua, hata blauzi za kazi zikaanza kunibana upande mmoja.

Mwishowe nilimwendea daktari kwa hasira. Akapiga simu mbele yangu. Kule hawakuwahi kupokea kitu.

Nilimkuta dada jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hata hakukana. Siku ileile niliyompa kichupa, alikizika kando ya kaburi la mama, huko Beni.

“Wakati ya Ebola balikamataka vipimo ya batu. Tulionaka nini? Bote balikufa.”

“Na ile machine ya panne, Yaya?”

Aliweka mchi chini. Angesema aliogopa, ningemsamehe palepale, maana hata mimi niliogopa. Lakini alifuta mikono, akanijibu kwa upole:

“Nilijua utakufa tu. Nilitaka tukuzike muzima, bila kipande kubakia Uganda, basi ile kipande nikaitanguliza kwa mama.”

Kumbe majuma sita nilikuwa namuuliza habari mtu aliyekwisha kunizika.

Daktari alinikata tena, na kichupa cha pili nilikipeleka mwenyewe. Ni kansa, na imeshaingia kwapani. Tiba ipo, alisema, ila ingekuwa nyepesi zaidi tungewahi.

Sasa niko hospitalini, na dada ananiletea chakula kila siku. Juzi nilimwambia asije tena.

“Nani atakulisha?” aliuliza, bila hasira.

Sina mwingine, na yeye anajua. Nikafunua sahani, nikala.